Mlango wa Mbele wa Bibi Ashworth

Mwezi uliopita nilikwenda kuhani msiba Bellevue, na nilipofika mlangoni nikasimama, sikuingia. Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu anayenisuka nywele tangu zikiwa nyeusi, alifiwa na mama yake huko kwao. Safari haikuwezekana, basi matanga yakawekwa hapa hapa Johannesburg, kwenye chumba anachopanga. Nilipewa jina la mtaa na namba ya nyumba, wala sikushtuka, maana namba sikuwahi kuitia akilini. Kilichonishtua ni vile vioo vidogo juu ya mlango, chekundu, kijani, chekundu, kijani, na kimoja kilichopasuka kikazibwa kwa gundi miaka mingi kabla Mama Furaha hajaijua nchi hii. Nikajua niko wapi. Binti yake akadhani nimezidiwa na huzuni, akanishika mkono. "Mama, ikala hapa, chai inakuya." Nikakaa mkekani na wenzangu. Sebule ile sasa imegawanywa kwa mbao nyembamba ikawa vyumba vitatu, na lile ua kubwa la plasta lililokuwa katikati ya dari limekatwa, nusu liko kwa Mama Furaha, nusu kwa Mrundi wa jirani. Watu waliimba mapambio, wakamtaja marehemu kwa uzuri, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nalia kwa ajili ya mtu mwingine kabisa.

Katika nyumba ile nilikaa mwaka mmoja, uani, nikiwa na miaka ishirini na miwili na ndoa changa. Habari za kwetu Morogoro na jinsi nilivyompata mume wangu Vusi nazipita, hizo ni za mashangazi. Itoshe kusema Vusi alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokulia uhamishoni kwetu, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha watu wengi wanaojisifu nacho, na uhuru ulipokuja akanichukua, nikamfuata kwao. Tulitegemea mambo makubwa. Tulichopata ni kazi ya kufunga nyaya za mota katika karakana moja ya Jeppestown, na chumba cha uani kwa Bibi Ashworth, mjane wa Kiingereza aliyekwisha vuka sabini. Chumba chenyewe kilijengwa zamani kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani. Kilikuwa na mlango wa bati na kidirisha kilichowekwa juu sana ili aliyemo asiione bustani. Siku ya kwanza Vusi alisimama katikati ya chumba, begi bado begani, akasema, "Eish, Zuhura. Nimekula ugali wa uhamishoni miaka yote ile, kumbe nilikuwa nangoja kitanda cha msichana wa kazi." Nikamwambia kitanda ni kitanda. Lakini yaliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Sheria ya nyumba tuliambiwa siku hiyo hiyo, kwa adabu nyingi na macho yakitazama pembeni: wapangaji wa uani hupita kichochoro cha ubavuni, penye mapipa ya taka. Mlango wa mbele ni wa wageni. Hao wageni wenyewe sikuwaona wakija.

Kilichotukutanisha mimi na yeye ni maandazi. Vusi akishaondoka asubuhi nilibaki na ukimya ambao sikuwahi kuujua kwetu, hata kuku hakuna, nikawa napika ili mafuta yanisemeshe. Siku moja harufu ya iliki ikamtoa ndani. Akasimama kwenye mlango wa jikoni kwake, unaotazama uani, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kinaungua. Nikampa moja kwenye kisahani. Akaenda nalo mezani, akakaa, akachukua kisu na uma, akaanza kulikata andazi vipande vipande kama nyama. Jamani, nilicheka hadi nikashika ukuta. Alinikazia macho ya hasira, midomo ikabana, kisha na yeye kicheko kikamtoka, cha ghafla, cha kisichana, ambacho nadhani mwenyewe alikuwa hajakisikia siku nyingi. Tangu siku hiyo alasiri zangu nilikuwa nakaa jikoni kwake. Watoto wake walikuwa Australia, mumewe kaburini, na mfanyakazi wa mwisho alikwisha acha kazi kwa kuwa hakuweza tena kumlipa. Alihitaji mtu wa kuongea naye, nami nilihitaji Kiingereza. Hakuna aliyemfanyia mwenzake hisani.

Nikafundishwa Uingereza mezani. Kijiko cha supu kinasukumwa kwenda mbele, hakivutwi kuja kwako. Mkate unamegwa, haukatwi. Chai haipulizwi hata ikikuunguza ulimi. Usiseme umeshiba, usisifu chakula mno, usiulize kitu kimenunuliwa bei gani, na mtu akikuuliza hujambo, usije ukamweleza hali yako. Hilo la mwisho lilinishinda, nakiri, maana kwetu salamu ndiyo habari yenyewe. Lakini mengine sikuyaona mageni. Nyanya yangu alitulea na yake: kula upande wako, usichungulie sahani ya mwenzio, usiinue mkono kabla ya wakubwa, mgeni akimaliza na wewe umemaliza hata kama tumbo linalia. Nikamwambia Bibi Ashworth kwamba kumbe Waingereza nao wana uswahili wao, tena uliopindukia, na nilipomfafanulia maana yake akasema ni kweli, na kwamba uswahili wa Kiingereza ni mkali zaidi kwa sababu hakuna anayeutaja kwa sauti. Vusi alikuwa akirudi jioni ananidhihaki, ati najifunza kutawaliwa upya. Nikamjibu najifunza kuomba kazi. Leo wanangu, waliozaliwa hapa, Kiswahili wanakisikia tu, wakijibu wanajibu Kizulu, na wakiniona naweka kijiko ubavuni mwa kikombe bila kukigonga wananiita malkia. Hawajui adabu hiyo nimeitoa wapi, na kila nikitaka kuwasimulia simu zao zinalia.

Mimi kabla ya mwaka ule nilidhani Wazungu ni Wazungu tu, tabaka moja, basi. Bibi Ashworth alinitoa ushamba. Tulikuwa tukikaa nyuma ya pazia lake la vitambaa vya nyuzi, yeye akiwapanga wapita njia kama anayechambua mchele. Yule viatu vyake vinang'aa mno, babake alikuwa na duka. Yule anaongea polepole hivyo kwa sababu amejifunzia ukubwani. Akaniambia wakubwa wa kweli huko Uingereza huvaa masweta yaliyotoboka na huongea kwa sauti ya juu, maana hakuna wa kuwaambia nyamaza. Wanaong'arisha kila kitu ni watu wa katikati, wanaoogopa kuteremka. Na walio chini kabisa ndio wanaowang'arishia wote. Nikamwuliza yeye yuko wapi kati ya hao. Akaniongezea chai, ingawa kikombe changu kilikuwa bado kimejaa nusu. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, siku mvua ya mawe ilipotufungia jikoni na bati la chumba changu likawa linapigwa ngoma. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, alisema, alipelekwa kufanya kazi za ndani katika jumba moja kubwa la kaskazini mwa Uingereza. Kuwasha meko kabla wenyewe hawajaamka, kubeba maji ya moto ghorofani, kugeuka ukutani akikutana na bwana kwenye ujia. Na siku ya kwanza bibi wa jumba alimwambia kwamba ataitwa Emma. Kila mtumishi wa nafasi ile aliitwa Emma. Wa kabla yake aliitwa Emma na wa baada yake aliitwa Emma, kwa kuwa bibi hakutaka kuchoshwa na majina mapya. Aliitikia jina la mtu mwingine kwa miaka minne. Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonishangaza tangu nifike: mawifi zangu wenyewe kule Soweto waliniita Zuzu, dukani waliniita sisi, yaani dada kwa lugha ya huko, lakini yule bibi kizee wa Kiingereza alikuwa akilitamka jina langu lote, Zu-hu-ra, kwa uangalifu, kama anayevuka mto juu ya mawe.

Kisha akaniambia jinsi alivyopanda cheo. Aliolewa na fundi wa migodi, wakaja Johannesburg, na siku aliyoshuka kwenye treni mchukuzi mweusi mwenye umri wa baba yake akamwita madam. Akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Hakuna alichokuwa amefanya, alisema, zaidi ya kubadili bara. Baada ya mwezi mmoja alikuwa na mfanyakazi wake mwenyewe uani, katika chumba nilichokuwa nalala mimi. Hakulisema hilo kwa kujitetea wala kwa kujutia, alilisema tu, akitazama mvua. Nilikasirika kidogo, na nilimpenda kidogo zaidi, yote kwa pamoja. Halafu akafungua kabati akanionyesha visu vya samaki. Kulikuwa na kasha la mahameli ya buluu, na ndani yake visu na uma vya fedha vyenye nakshi, vya kulia samaki tu. Mumewe alivinunua kwa mishahara yake ya kwanza, akavileta nyumbani akitetemeka kwa furaha, ili mkewe ale kama mabibi aliowahudumia. Kumbe kule jumbani visu vya samaki havikuwemo. Bwana mkubwa aliwacheka mezani watu wanaovimiliki, alisema ndivyo unavyowatambua walioanza kula samaki juzi. Yeye, akiwa amesimama ukutani na sahani mkononi, aliyasikia. Na kwa maisha yote ya ndoa yake kila Ijumaa alivitandika visu vile, akala samaki navyo, wala hakumwambia mumewe neno. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Alikuwa anavipenda sana."

Karibu na mwisho wa mwaka simu yake ya ukutani ililia, na aliporudi jikoni uso ulikuwa umebadilika rangi. Binti wa lile jumba, Rosalind, aliyekuwa mtoto wa miaka sita au saba enzi hizo, alikuwa Afrika Kusini kutembea. Mtu wa kwao alikuwa amempa namba. Angependa kuja kumwona Jumapili. Bibi Ashworth alikaa chini, akainuka, akakaa tena. Akaniambia anachotaka, na alikitaka waziwazi kama mtoto anavyotaka kitu: anataka mtu wa jumba lile apige kengele ya mlango wake wa mbele, aingizwe sebuleni, aambiwe akae, na amiminiwe chai na mwenye nyumba, Bibi Ashworth. Mara moja tu kabla hajafa. Niliiona hamu ile ikanitia woga, maana ilikuwa kubwa kuliko kikombe cha chai. Halafu akaanza kuzungukazunguka. Akasifu hali ya hewa. Akauliza afya ya Vusi. Mwisho akasema nyumba ya aina ile, kwa kawaida, mlango hufunguliwa na mtu mwingine, si mwenye nyumba. Alikuwa na aproni nyeupe kabatini. Alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni.

Hapo Vusi angenyanyuka akatoka. Mimi nilifikiri. Nilifikiri jinsi kwetu jirani akiwa na shughuli unavyofunga kanga kiunoni ukaenda kumbebea sinia, ukawakaribisha wageni wake, ukaosha vyombo vyake, na hakuna mwenye akili timamu atakayekuita mtumishi. Unafanya kwa kuwa siku ile ni yake, na yako itakuja. Nikamwambia nitafungua mlango na nitabeba sahani, lakini aproni siivai, nitafunga kanga yangu. Alilitazama kabati. Kisha akauliza kama nina yenye rangi iliyotulia. Vusi nilipomwambia hakugomba, jambo lililonishangaza. Alikaa kitandani akivua viatu, akasema siku moja, kisha basi, na Jumapili yenyewe akaenda kwa mama yake Soweto asije akaona.

Tulitayarisha kama tunaoza binti. Tuliteremsha mapazia tukayafua. Birika la fedha tulilisugua mpaka nikaona meno yangu. Alipika skonzi, akakata mikate myembamba ya matango na kuondoa ganda lote pembeni, nami nikayaokota maganda yale nikayaweka kwenye bakuli langu, maana chakula kizima kutupwa kwangu ni dhambi. Kasha la visu vya samaki alilificha chini ya mashuka ingawa hakukuwa na samaki wa kuliwa. Alivaa gauni la buluu na pini ya lulu kifuani. Saa tisa kasoro akakaa kwenye kiti chake sebuleni, mgongo umenyooka, mikono mapajani, akaniambia nisubiri jikoni mpaka nisikie kengele. Mimi ni mtu wa kushindwa kukaa bure. Nikabandika mafuta, nikaanza kuchoma maandazi ya Vusi ya jioni.

Kengele haikulia. Nilichosikia ni hatua kwenye kichochoro, na sauti ya mwanamke ikiita kama kuna mtu. Nilipotoka nikaona mama mmoja wa Kizungu wa miaka sitini hivi, sweta la kiume lenye tundu kwenye kiwiko, viatu vina tope, nywele hazijui kitana. Kwa masomo yote niliyopewa nilipaswa kumtambua pale pale, lakini wallahi nilidhani ni mtu wa kanisa anayekusanya nguo kuukuu. Akasema amefuata harufu. Akauliza kama anaweza kuingia. Nami kwetu anayepitia uani ni wa ndani, ni shangazi, ni mtu wa moyoni, wa barazani ndio wageni. Nikamkaribisha kwa mikono miwili, nikamvutia kiti, nikamwekea andazi la moto. Hadi leo sioni kosa. Alilila kwa vidole, mafuta yakimchuruzika, akicheka, akasema hajaonja kitu kama hicho, akaketi viwiko vyote mezani, akayatazama masufuria yanayoning'inia kama mtu aliyefika nyumbani. Ndipo akauliza, "Emma yuko wapi?" Nilitaka kumwambia atoke upesi, arudi mbele, apige kengele, lakini Kiingereza chote kilinikimbia, na sebuleni nilikwisha sikia kiti kikisukumwa nyuma.

Bibi Ashworth alisimama kwenye mlango wa jikoni. Mgeni akaruka, akamkumbatia, akasema, "Emma! Bado unanukia sabuni ile ile." Alikuwa anafurahi kweli, sitamsingizia, macho yalimlenga machozi. Akamwambia wasihangaike na sebule, wakae hapa hapa kama zamani, maana yeye siku zote alipitia jikoni, hakumbuki hata kama lile jumba lilikuwa na mlango mwingine. Akarudi kitini akiongea, mbwa wao waliokufa, farasi, ngazi za nyuma. Na nikaona jambo ambalo sijalisahau. Mkono wa Bibi Ashworth ulichukua kisu cha mezani wenyewe, ukapasua andazi katikati, ukapaka jamu mpaka ukingoni kabisa, kama anavyopakiwa mtoto anayelalamika, ukaliweka mbele ya mgeni. Mgeni akalichukua bila kutazama, akaendelea kuongea. Bibi Ashworth alikuwa amesimama nyuma kidogo ya kiti chake, na pini yake ya lulu, na gauni la buluu. Akakitazama kisu mkononi. Nilitamani kulia, nilitamani kumnyang'anya.

Akakiweka chini. "Bi Rosalind," akasema, "mimi siitwi Emma. Sikuwahi kuitwa Emma. Naitwa Doris, na sasa ni Bibi Ashworth."

Mgeni akaacha kutafuna. Akasema lakini siku zote walimwita hivyo, na Bibi Ashworth akajibu kwamba anajua walivyomwita. Sauti haikupanda hata kidogo. "Chai yangu iko sebuleni," akasema. "Nitakushukuru ukizunguka mbele, upige kengele."

"Nizunguke?"

"Kwa kichochoro ulichojia."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama yule azunguke popote tangu azaliwe. Nilimwona akitafuta usoni mwa Bibi Ashworth mahali pa kucheka, asipate. Akaweka kipande chake kwenye sahani, akajifuta vidole kwenye sweta, akatoka. Tulimsikia akipita kwenye mapipa, moja likaanguka. Bibi Ashworth alinitangulia sebuleni karibu anakimbia, mkono kiunoni, akajitupa kitini, akajinyoosha, akaniuliza nywele zake zikoje. Nikamwambia ziko sawa. Kengele ikalia. Nikainuka, akanionyesha kiganja nisubiri. Uso ulikuwa ukiwaka kama wa bibi harusi. Kengele ikalia tena. Akavuta pumzi. "Haya, Zuhura," akasema, "mfungulie, tafadhali."

Nikafunga kanga yangu vizuri, nikafungua. Alisimama pale kizingitini, chini ya vioo vyekundu na kijani, chembe za maandazi bado kifuani, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amekuja kumwona Bibi Ashworth. Kama vile hatujawahi kuonana. Nikamwambia karibu, kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Bibi Ashworth akainuka, akampa mkono, akasema amefanya vyema sana kuja. Wakakaa. Chai alimimina mwenyewe, mdomo wa birika ukagonga kikombe mara kadhaa kabla haujatulia. Mimi nilizungusha skonzi. Waliongea mambo ya bure kabisa, mvua ya mawe, mawaridi, treni, hakuna aliyemwuliza mwenzake jambo lenye maana, na Bibi Ashworth alikuwa anang'aa kwa furaha. Polepole tu ndipo yakatoka mengine. Jumba liliuzwa, limekuwa hoteli. Bi Rosalind anakaa peke yake katika kibanda kilichokuwa cha mtunza bustani. Aliwahi kwenda hotelini pale kula, akaomba kuliona jiko, akakuta limebomolewa pamewekwa baa. Aliposema hivyo nilimhurumia, na nikaelewa kwa nini harufu ya maandazi ilimvuta ubavuni mwa nyumba asiyoijua.

Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni na funguo za gari la kukodi mkononi. Nilikuwa nyuma yao na sinia la vikombe. Akasema, "Unajua, katika nyumba ile yote hapakuwa na chumba nilichokipenda isipokuwa jikoni kwenu."

"Najua, Bi Rosalind," Bibi Ashworth akamjibu, kwa upole kabisa. "Wewe ulikuwa unaruhusiwa kutoka."

Mama yule alizihamisha funguo mkono wa pili. Kisha akasema, "Kwaheri, Bibi Ashworth," akashuka ngazi za mbele polepole, akishika ukuta. Sisi tulirudi sebuleni. Bibi Ashworth akavua viatu, akakaa kwenye zulia mbele ya meko, akala mikate ya matango iliyobaki yote, akinipasia sahani. Vusi aliporudi nilimsimulia, akacheka sana pale pa kuambiwa azunguke, akapiga paja, mara kicheko kikamkatika. Akakitazama kile kidirisha cha juu. Akalala bila kuniaga.

Asubuhi yake nilikuwa nakwenda sokoni Yeoville. Nilichukua kikapu, nikafika kwenye kichochoro, nikaliona lile pipa lililoanguka bado limelala. Nikaliinua. Kisha nikageuka, nikaingia jikoni, nikapita ujia wa ndani, nikatokea sebuleni. Bibi Ashworth alikuwa kitini na chai yake ya asubuhi. Aliniona na kikapu. Alijua ninakwenda wapi na ninapitia wapi, na mimi nilijua anajua. Nikamwambia nakwenda sokoni, anahitaji chochote? Akanitazama mimi, akautazama mlango, akatazama kikombe chake. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kuhama siku ile ile.

"Huo mlango una ubishi," akasema mwisho. "Ukitoka uvute kwa nguvu, la sivyo haufungi."

Nikauvuta kwa nguvu.